Uzoefu wangu wa kuunganisha na kupaka rangi Spitfire Mk I ya 1/48

Nimemaliza juzi usiku. Mfano wa plastiki wa Spitfire Mk I, toleo la kwanza la ndege ya kivita ya Uingereza, wa kipimo cha 1/48 (yaani mdogo mara 48 kuliko ndege halisi), umesimama mezani mbele yangu, sentimita 23.4 kutoka ncha ya bawa hadi ncha ya bawa, urefu sentimita 19, na harufu ya vanishi bado haijaisha. Imenichukua wiki sita, saa moja au mbili kila jioni. Jina la kampuni iliyotoa kasha la vipande vyake naliacha. Nina malalamiko na kasha hilo, lakini kwa jumla nimelipenda na ningelinunua tena.

Ukifungua unakuta fremu nne za plastiki ya kijivu, moja ya plastiki angavu kwa ajili ya vioo, karatasi ya stika za maji (alama za ndege zinazolowekwa kabla ya kubandikwa) na kijitabu cha maelekezo. Uchongaji wake ni mzuri sana. Mistari ya mabati imezama kwa wembamba wa unywele, na usukani wa mkiani, ambao kwenye ndege yenyewe ulivikwa kitambaa, umechongwa kwa upole unaotakiwa. Kuna makasha mengine ambayo kitambaa hicho hufanywa kibonyee kama godoro kuukuu. Hapa mtu aliyechonga aliitazama ndege yenyewe.

Chumba cha rubani hakikunisumbua. Kijani-kijivu kila mahali, kiti, mikanda, kisha nikachovya brashi kwenye rangi ya fedha, nikaifuta kwenye karatasi mpaka ikawa karibu kukauka, nikaipitisha juu ya vitufe na kingo. Vitu vikajitokeza vyenyewe.

Kazi kubwa ni shina la bawa, pale bawa linapoungana na kiwiliwili. Spitfire inajulikana kwa bawa hilo la umbo la duaradufu, kazi ya mhandisi R. J. Mitchell na wenzake. Ndege ya kwanza iliruka tarehe 5 Machi 1936, na Mitchell akafariki mwaka uliofuata kabla haijaingia kikosini. Ukikosea hapo, umeikosa Spitfire nzima. Kijitabu kinakuambia ufunge bawa lote kwanza, juu na chini, ndipo ulivishe kwenye kiwiliwili. Mimi nilivishikiza vipande kwa utepe kwanza, bila gundi, nikaona mwanya wa kama nusu milimita pande zote mbili. Nusu milimita unaweza kuidharau, lakini izidishe mara 48: ni milimita 24 kwenye ndege halisi, kidole kinapita.

Nikauacha utaratibu wa kijitabu. Nikaunganisha vipande vya juu vya mabawa na kiwiliwili peke yake, nikivisukuma mpaka mwanya ukafa, nikasubiri siku nzima, kisha ndipo nikaweka kipande cha chini. Nilitumia gundi nyepesi ya majimaji, ile inayoyeyusha plastiki badala ya kuigandisha tu. Unabana vipande viwili vizuri, unagusa mstari kwa ncha ya brashi, na gundi inakimbia yenyewe ndani ya mfereji. Upande wa kushoto ulitoka safi kabisa. Kulia ulibaki uwazi mdogo, nikaujaza puti kisha nikaifuta na pamba iliyoloweshwa kabla haijakauka. Sikupiga msasa hapo, maana msasa ungekula mistari yote ya jirani.

Jambo lililoniuma zaidi lilitokea kwenye kioo cha rubani. Nilikuwa na haraka, nikakibandika kwa supaglu. Asubuhi nikakuta ukungu mweupe kwa ndani, kama pumzi iliyoganda. Mvuke wa supaglu hufanya hivyo kwenye plastiki angavu, hasa mahali pasipopitisha hewa. Nilikitoa taratibu kwa wembe, nikakisugua kwa dawa ya meno na kitambaa laini kwa karibu saa nzima, kikarudi kuwa angavu. Safari ya pili nikatumia gundi nyeupe ya mbao. Hiyo ikikauka inakuwa angavu, na ikimwagika unaifuta kwa maji. Tafadhali usirudie kosa langu.

Sasa rangi. Hapa ndipo ninapolilaumu kasha. Mwongozo unasema tumbo la ndege lipakwe samawati hafifu. Rangi iliyoagizwa kwa ndege za kivita za Uingereza kuanzia Juni 1940 iliitwa Sky, na licha ya jina lake si samawati. Ni kijani kilichopauka chenye umanjano kidogo. Ni kweli kwamba miezi ile rangi ilikuwa adimu na vikosi vingine vilichanganya vya kwao, lakini mwongozo hauelezi hilo, unataja tu namba ya chupa. Mtu anayefuata kwa imani atapaka rangi isiyokuwa yake. Nilinunua Sky pembeni.

Nilianza na praima ya kijivu, ambayo hufichua kila mkwaruzo uliodhani umeuondoa. Kisha Sky chini, halafu kahawia juu, mwisho kijani. Nilitumia bunduki ndogo ya kupulizia yenye sindano ya milimita 0.3, mgandamizo wa kama bar moja, rangi ya akriliki ikiwa imetiwa thina mpaka ikawa nyepesi kama maziwa. Pulizia matabaka mepesi, matatu au manne, uone chini ya rangi bado mistari ipo. Tabaka lenye unene wa sehemu moja ya kumi ya milimita ni kama milimita tano kwenye ndege halisi. Kwa brashi ya mkono inawezekana pia, ila utahitaji uvumilivu na matabaka mengi zaidi.

Mpaka kati ya kahawia na kijani niliuzuia kwa kamba nyembamba za plastisini (udongo laini wa kufinyangia), nikapulizia kwa pembe ili ukingo ulegee kidogo. Nilipozibandua ile jioni, nikiwa na taa moja tu, nilikaa nikaitazama kwa muda mrefu bila kugusa chochote.

Stika ni nzuri, rangi zake zimekaa sawa. Lazima upake vanishi ya kung'aa kwanza; kwenye rangi kavu isiyong'aa hewa hunaswa chini yake na utaona madoa ya fedha. Maji ya vuguvugu, sekunde ishirini, dawa ya kulainisha, basi.

Kuna stika nane ndogo nyekundu za ukingo wa mbele wa mabawa. Spitfire hii ilikuwa na bunduki nane za Browning, na mafundi walifunika midomo yake kwa vitambaa ili uchafu na baridi visiingie. Risasi za kwanza zilivitoboa. Picha ya kwenye kasha inaonyesha vitambaa vikiwa vizima na papo hapo masizi ya baruti chini ya bawa. Haviendi pamoja. Nilichagua vitambaa vizima na tumbo safi: ndege iliyojazwa mafuta na risasi, inayosubiri kengele.

Kwa anayeanza kabisa, ningemshauri atangulize kasha dogo la 1/72. Kwa aliyekwisha kuunganisha ndege mbili tatu, hili litamfundisha mengi.

Kilichobaki kilikuwa waya wa redio kutoka mlingoti hadi mkiani, maana nilichagua ndege ya mwanzo wa kiangazi, kabla redio mpya hazijauondoa. Kasha halina waya huo. Nilichukua kipande cha fremu iliyobaki, nikakipasha juu ya mshumaa nikikizungusha mpaka kikang'aa na kulegea, nikakitoa kwenye moto na kukivuta kwa mikono miwili. Plastiki ikarefuka ikawa uzi. Uzi wa tatu ndio uliotoka sawasawa. Nikaukata, nikaugandisha kwa tone la gundi lililokaa kwenye ncha ya pini, nikaushika pumzi ikiwa imesimama mpaka ukakaza.