Wino wa kupaka wapigakura: unafaa, ila uangalie mkono wa karani

Kwa kazi moja tu, kumzuia mtu asipige kura mara mbili, wino huu bado ni kifaa rahisi kuliko vyote. India ilianza kuutumia katika uchaguzi mkuu wa 1962. Rangi ya zambarau ni ya kuonekana papo hapo. Kazi yenyewe hufanywa na nitrati ya fedha (kemikali ya madini ya fedha), kwa kawaida asilimia 10 hadi 18 ya wino. Ikikutana na ngozi na mwanga hugeuka doa jeusi lisilojua sabuni. Kwenye ngozi tupu doa hudumu siku chache, kwenye shina la ukucha wiki kadhaa, mpaka ukucha ukue. Kwa hiyo karani anayegusisha ncha ya kidole peke yake amefanya nusu ya kazi.

Namna sahihi: tikisa chupa, kagua kidole, kifute kwa kitambaa kikavu (mafuta na nta ndiyo hila ya kawaida), kisha vuta mstari kutoka kwenye ukucha hadi pingili ya kwanza. Mpigakura aache kidole kikauke nusu dakika hivi bila kukipangusa.

Wino wenyewe ukikosewa, uchaguzi mzima hutiliwa shaka. Afghanistan mwaka 2004, vituo kadhaa vilitumia kalamu zisizo sahihi, alama zikafutika, na wagombea wakatangaza kususia siku ileile.

Kuna ubishi usioisha: apakwe kabla ya kupewa karatasi au baada? Akipakwa baada, karatasi hubaki safi, lakini mlangoni watu huchomoka. Akipakwa kabla, hakwepi mtu, ila wino mbichi hudondokea karatasi na mawakala huanza kuvutana kama ile ni kura au imeharibika. Bora kabla, mkono wa kushoto, kwa kuwa wengi hushika kalamu kwa kulia. Kanuni yoyote itakayochaguliwa, iandikwe kabla ya siku yenyewe.

Usiutarajie umtambue mtu. Anayepiga kwa jina la mwingine atapakwa vizuri tu. Huyo hukamatwa na daftari la wapigakura, ndiyo maana uhakiki jina lako mapema. Na karani akikuruka, mdai akupake.

Mnunuzi asipokee chupa za kioo cheupe: mwanga huuharibu wino kabla haujafika kituoni.