Google Scholar na ile linki ya "imerejelewa na wangapi"

Jamani wenzangu mnaoandika tasnifu, mie hii Google Scholar, mtambo wa Google wa kutafuta makala za kitaaluma, nimeitumia mwaka mzima sasa na naipa nyota nne kwa tano, na nyota zote karibu ni za kitu kimoja tu, ile linki ndogo chini ya kila makala yakwambia imerejelewa na wangapi.

Utafiti wangu ni wa mikoko ya Tudor Creek, ile hori ya hapa Mombasa. Nilianza vile wengi twaanza, nashika makala, nashuka mpaka orodha ya marejeleo, natafuta moja moja. Sasa orodha ile yakupeleka nyuma tu, makala ya 2009 haiwezi kukwambia nani aliandika 2019 akaipinga. Ile linki ndo yakupeleka mbele. Ukiibonyeza wafunguka wote walioirejelea, halafu pale juu kuna kijisanduku, ukikitiki watafuta ndani ya hao hao peke yao. Usiku mmoja nikatiki nikaandika Mombasa, zikabaki chache, na mbili sikuwa nazijua kabisa, zote zazungumzia maji taka ya mjini yanavyoingia kwa mikoko. Wallahi nilikuwa nimezunguka wiki tatu natafuta kitu kama hicho!

Na kazi yenyewe ya kujua nani kamrejelea nani si nyepesi. Eugene Garfield alipotoa fahirisi yake ya marejeleo ya sayansi kule Marekani 1964, marejeleo yaliingizwa na watu. Mpaka 1998 hivi ndo watafiti wa kampuni ya NEC kule Princeton, Marekani, wakatoa CiteSeer, programu yajitafutia makala yenyewe kwa intaneti, yasoma orodha ya mwisho, yatenganisha hili jina hiki kichwa huu mwaka, halafu yaamua kama marejeleo mawili yaliyoandikwa tofauti ni ya kazi moja. Google Scholar ikaja Novemba 2004.

Hapo kwa kuamua ndo mashine huteleza. Kuna huduma nyingine ya aina hii, siitaji, ilimpasua mwalimu wangu akawa watu wawili sababu jina lake lina "bin" katikati, nusu ya kazi zake huku nusu kule, na mtu amefundisha miaka yote hiyo, iliniuma sana. Kwa hivo ukimtafuta mtu wa pwani tafuta kwa kichwa cha makala, usitegemee jina.

Nyota niliyokata ni kwa kuwa haichagui, tasnifu, ripoti, makala zilizopitiwa na wataalamu na zisopitiwa, zote zaingia kwa hesabu moja, basi namba kubwa isikubabaishe, fungua usome hao walioirejelea wasemaje. Makala yakiwa ya kulipia angalia upande wa kulia, kama kuna nakala ya bure linki ya PDF huwa pale.

Halafu weka ile taarifa ya imeili, yakwambia makala yako ikirejelewa upya. Juzi niko kwa matatu natoka Kisauni, tumekwama hapo Nyali Bridge, simu ikalia, makala mpya imeirejelea ile ya mikoko, nikaifungua nikaanza kusoma, Buxton nimepitishwa mpaka Mwembe Tayari.