FastStone Image Viewer kwenye RAW na JPEG: uzoefu wangu

Kwa wapiga picha wa safari hapa Arusha, kadi ikirudi imejaa kutoka Tarangire au Ngorongoro, sijaona programu nyepesi ya Windows ya kuchambulia picha inayoizidi FastStone. Kasoro yake ni moja: haikuambii kwamba unachokitazama si RAW yenyewe, yaani data ghafi ya sensa ya kamera.

Karibu kila faili la RAW hubeba ndani yake JPEG, yaani picha iliyokwisha kutengenezwa na kubanwa na kamera. Bonyeza F12 kufungua mipangilio, nenda sehemu ya RAW, utakuta chaguo tatu. "Embedded Preview" huonyesha JPEG hiyo tu, ndiyo maana picha zinapita chapuchapu. "Half Size" husoma RAW, ila kila pikseli nne za sensa huwa moja, hivyo picha ya 6000 kwa 4000 unaiona kwa 3000 kwa 2000. "Actual Size" husoma yote, na kompyuta ya zamani hapo inakwama.

Mchujo wa kwanza naufanya kwa Embedded Preview. Inatosha kuona chui aliyegeuka mgongo au vumbi la gari la mbele. Lakini usifute picha kwa sababu ya fokasi ukiwa hapo! Kamera nyingi za Sony za miaka ya nyuma hupachika JPEG ya 1616 kwa 1080 tu. Ukiikuza, jicho la simba linaonekana na ukungu, kumbe kwenye RAW kila unywele wa kope unahesabika. Hamia Actual Size kwanza. Nikon na Canon nyingi hupachika JPEG ya ukubwa kamili, kwa hiyo huko hofu ni ndogo.

Ukihama, rangi zitapooza. Picha haijaharibika, ni kwamba mapambo ya kamera hayapo tena.

Mwanga nao una mtego wake. JPEG ina ngazi 256 za mwanga kwa kila rangi, RAW ya biti 14 ina 16,384. Theluji ya Kibo ikionekana nyeupe tupu, ifungue RAW yake kwenye darktable, programu ya kuhariri RAW, na ushushe mwanga kabla ya kuitupa, maana mara nyingi mikunjo ya barafu bado imo.

Wanaopiga kwa Adobe RGB (mpangilio wa kamera wenye wigo mpana wa rangi) waweke tiki kwenye sehemu ya CMS, yaani usimamizi wa rangi, humo humo kwenye F12, la sivyo JPEG zao zitaonekana zimechujuka.

Nyumbani ni bure. Studio na ofisi za utalii zinatakiwa kununua leseni.