Darasa la jioni Makadara: wiki sita za "had"

Nimemaliza wiki sita za Kiingereza katika darasa moja la jioni mtaani Makadara, Mombasa, ambalo sitalitaja jina kwa kuwa nina malalamiko pia. Kilichonipeleka ni hali timilifu ya wakati uliopita, yaani ile "had" ya tendo lililotangulia tendo jingine la zamani, ambayo shuleni tuliikariri bila kuelezwa kazi yake.

Mwalimu hakuanza na kanuni. Aliandika ubaoni, "Nilipofika Likoni, feri ilikuwa imeondoka," kisha akauliza ni tendo gani lililotangulia, na darasa zima likajibu bila kusita, kwa maana "ilikuwa imeondoka" hubeba jambo lile lile ambalo Mwingereza hulisema kwa "had left": kitenzi kisaidizi huturudisha nyuma, na kitenzi kikuu huonyesha kwamba tendo lilikuwa limekwisha. Ukisema "when I arrived, the ferry left", msikilizaji ataelewa kwamba feri iliondoka pale pale ulipotia mguu. Afueni ni kwamba "had" haibadiliki, awe ni mimi, yeye au wao. Umbo la tatu la kitenzi, "gone" badala ya "went", halina dawa ila kukariri.

Kwa kuwa wanafunzi kadhaa ni waongoza watalii, mfano ulionikaa zaidi ulihusu Fort Jesus. Ngome hiyo ilipoanguka Desemba 1698, majeshi ya Oman yalikuwa yameizingira kwa karibu miaka mitatu, yaani "had besieged it". Ukiiacha "had", mgeni ataanza kuihesabu miaka hiyo baada ya ngome kuanguka, na historia yote itapinduka mbele yake.

Kasoro zimo katika kijitabu cha mazoezi, ambacho, mbali na chapa yake hafifu, kinalazimisha "had" hata penye "after" na "before", ambapo mfuatano wa matendo u wazi na wakati uliopita wa kawaida unatosha. Insha zetu zikajaa "had" kama mchele uliojaa chuya. Lililoniudhi zaidi ni ufupisho "I'd", unaoweza kuwa "I had" au "I would", ambao ulipewa dakika chache za mwisho, ilhali mapokezi ya hoteli ninakofanya kazi, Nyali, nausikia kutwa nzima kutoka kwa wageni. Nilipouliza, mwalimu alinijibu kwa upole, "Hilo limo katika kozi inayofuata, ndugu yangu." Kozi hiyo hulipiwa upya.