Wavu wa geji 12.5: unafaa zizi, ni hasara kwa padoki

Ukifika dukani usianze na bei ya rola ya wavu wa waya. Anza na unachotaka kuzungushia. Wengi husema "nataka waya wa boma" huku wakiwa na maana ya padoki, wakarudi nyumbani na mzigo usio wao. Boma ni mji mzima wa mfugaji, na nyumba zake (mjini ni ofisi ya serikali, ndiyo maana ya Bomani). Zizi ndipo ng'ombe wanapolala. Banda lina paa. Padoki ni kipande cha malisho kilichozungushiwa, ambamo mifugo hula siku chache kisha huhamishwa.

Kwa zizi, wavu huu ni mzuri kwelikweli. Geji 12.5 ni waya wa unene wa milimita 2.5 hivi. Namba ya geji ikipanda, waya unakuwa mwembamba. Anayechukua 16 akidhani ameongeza nguvu amepata waya wa milimita 1.6, na ng'ombe wakiuegemea unafanya tumbo. Rola 3 za mita 18 zinazunguka mita 54. Ukipiga zizi la mduara unapata karibu mita 230 za mraba: ng'ombe 75, kila mmoja na mita 3 za mraba.

Lawama nyingi zinazotupiwa wavu ni za ufungaji. Nguzo zisiachane zaidi ya mita 3, na wavu ushikwe na waya wa kukazia mistari mitatu: juu, katikati, chini. Ukiruka wa chini, fisi anauinua kwa pua na kupenya. Fukia sentimita 30, lakini kumbuka kimo cha futi 6 kinabaki mita 1.5, juu yake panga matawi ya miba, chui asiruke. Nguzo kavu huliwa na mchwa. Simanjiro wanatumia vijiti vibichi vya mbambara, osilalei kwa Kimaasai: vikichomekwa mvua ikikaribia vinachipua, na nguzo inakuwa mti.

Padoki ni hesabu nyingine. Hekta 1 ya mraba ina mzingo wa mita 400, sawa na rola 23, na ukitaka padoki 8 (siku 4 kila moja, nyasi zipumzike 28) utauza ng'ombe kulipia waya. Hapo mistari 2 ya waya wa umeme wa jua inatosha ng'ombe wazima. Ndama na mbuzi watapita chini. Nyasi zikigusa waya umeme unavuja ardhini, kwa hiyo fyeka mstari mara kwa mara.

Na kama unachohifadhi ni ngitili, yaani malisho ya akiba ya Wasukuma yanayofungwa mvua zikianza na kufunguliwa wakati wa kiangazi, usinunue waya wowote. Huko ulinzi ni mpaka unaojulikana, sheria ya kijiji na sungusungu.