Kamera Iliyoshika Matatu: Uzoefu Wangu wa Kupiga Wanyama, Mandhari na Majengo ya Kale Safarini

Mshika mawili moja humponyoka, na kamera ninayosafiri nayo imeshika matatu: wanyama walio mbali, mandhari pana na majengo ya kale. Nimekaa nayo kiasi cha kujua inapong'ara na inapokwama. Anayeniuliza kama inafaa namjibu inafaa, tena sana, lakini moja kati ya hayo matatu limeshaiponyoka, na silo lile ambalo wengi hulidhania.

Nazungumzia aina, si chapa. Ni zile kamera za kati: si ya kutia mfukoni, wala si ya kubadilisha lenzi. Lenzi imejengewa humo humo, na zumu yake inaanzia milimita 24 hadi 600 kwa kipimo cha filamu ya milimita 35: namba ndogo huona eneo pana, namba kubwa huvuta vya mbali karibu. Tundu la lenzi linafunguka hadi f/2.4 upande mpana na f/4 ukivuta mpaka mwisho; namba ya f ikiwa ndogo, tundu ni kubwa na mwanga unaoingia ni mwingi. Kihisi, yaani kile kibamba cha ndani kinachopokea picha, kina megapikseli 20. Upana wake ni milimita 13.2 na kimo 8.8. Shika hizo namba mbili za mwisho, maana karibu kila sifa na kila kasoro nitakayoitaja inatoka hapo. Kamera kubwa za wataalamu zina kihisi cha milimita 36 kwa 24, yaani eneo linalozidi hili mara saba na ushee. Udogo huo ndio unaofanya mzigo mzima uwe kilo moja na kidogo. Lenzi ya milimita 600 yenye f/4 ya kamera kubwa ina kilo tatu hivi peke yake, kabla hujaifunga kwenye kamera, na kabla hujatafuta stendi ya kuibeba. Panda mlima na kilo hizo begani halafu tuzungumze habari za ubora.

Kwa wanyama, kukiwa na mwanga, kamera hii ni balaa. Nilimkuta korongo kwenye maji ya kina kifupi, mbali kiasi kwamba kwa macho matupu alionekana kijiti tu. Nikavuta mpaka mwisho. Kwenye picha, samaki aliyembana mdomoni anaonyesha magamba yake moja moja, tone la maji linaning'inia kwenye ncha ya mdomo, na ndani ya lile jicho la njano unaona ukingo wa maji na mbingu juu yake. Hiyo ilikuwa 1/1000 ya sekunde, ISO 200 (kipimo cha wepesi wa kamera kwa mwanga; kikipanda, picha inaingia punje), jua likiwa mgongoni kwangu. Simu haikupi kitu hicho, hata itangaze zumu ya mara mia. Inachokupa ni rangi zilizopakwa kwa kukisia.

Umbali wenyewe si hiari yako kila mara. Katika hifadhi ya Yellowstone, Marekani, sheria inakutaka ukae angalau yadi 100, karibu mita 91, kutoka kwa dubu na mbwa mwitu, na yadi 25, kama mita 23, kutoka kwa wanyama wengine wengi. Piga hesabu: kwa milimita 600, fremu ya umbali wa mita 91 ina upana wa mita tano na nusu hivi. Dubu mwenye urefu wa mita mbili anajaza zaidi ya theluthi moja yake, na hiyo ni picha. Kwa milimita 200 fremu inakuwa na upana wa mita 16, na dubu wako ni doa la kahawia ambalo utawalazimisha ndugu zako walitazame. Ndiyo maana zumu ndefu naiona ni adabu pia. Anayeipata picha yake kutoka mbali hana sababu ya kumsogelea mnyama mwenye watoto.

Sasa karaha zake. Ya kwanza ni kumpata mnyama ndani ya fremu. Ukiwa kwenye 600, upana unaouona ni nyuzi tatu na nusu hivi; mwewe akihama tawi moja tu, umempoteza, na utabaki unazungusha kamera kwenye majani. Dawa ni kuanza na zumu fupi, umweke katikati, ndipo uvute, jicho la pili likiwa wazi. Lakini zumu ya kamera hizi inaendeshwa na mota, na mota haina haraka. Kutoka mwanzo hadi mwisho inachukua muda ambao mbayuwayu hatakusubiri. Ya pili ni mfululizo. Inafyatua picha 24 kwa sekunde, sawa, ila ukiiachilia inaanza kuandika kwenye memori kadi na baadhi ya menyu zinagoma mpaka imalize. Mimi nafyatua kwa vipande vifupi vifupi. Atakayeshikilia kitufe mpaka chini atakuja kukesha akifuta picha mia mbili za ndege yule yule aliyefumba macho.

Kitu nilichokipenda kuliko nilivyotarajia ni shata (kinachofungua na kufunga mwanga wakati wa kupiga) ya kielektroniki, ile isiyotoa sauti kabisa. Mbweha akiwa anakunywa maji, mlio mdogo wa shata ya kawaida unatosha kumwinua kichwa, na mara nyingi unatosha kumwondoa. Kwa kimya niliendelea kumpiga hadi akaondoka kwa hiari yake. Ila usiitumie kwa ndege arukaye bila kuangalia matokeo: kihisi kinasoma picha mstari kwa mstari, juu kwenda chini, na bawa linaloshuka kwa kasi linaweza kutoka limepinda kama lina ugonjwa.

Kisha jua linazama, na hapo ndipo wengi wanapodhani kamera hii inafia. Ni kweli inachoka. Hadi ISO 800 sina lalamiko, 1600 naivumilia, 3200 manyoya yanaanza kuwa uji. Chini ya miti, jioni, nikiwa na f/4, najikuta kwenye 1/60 ya sekunde. Kitulizi cha lenzi kinaizuia mikono yangu isitikise, lakini hakiwezi kumzuia mnyama asigeuze shingo. Bundi aliyetulia nampata. Mnyama anayetembea gizani namwacha aende zake. Hilo nalihesabu kuwa mpaka wa kifaa, si kasoro, na kwa kweli picha za wakati huo huwa nzuri nikizipiga za mandhari badala ya kung'ang'ania wanyama.

Kwenye mandhari udogo wa kihisi unageuka kuwa neema. Kwa upande mpana, f/4, nikilenga kitu kilicho mita mbili mbele yangu, kila kitu kuanzia kama mita moja hadi upeo wa macho kinatoka wazi. Mwenye kamera kubwa anahitaji kubana tundu hadi karibu f/11 apate kina hicho, na kwa kubana anapoteza mwanga. Mimi sibani. Tena naonya: usiige f/16 unayosomewa kwenye masomo ya mandhari. Kwa kihisi hiki, ukivuka f/8 mwanga unaanza kutawanyika kwenye kingo za tundu, na nukta moja inasambaa juu ya pikseli kadhaa. Picha nzima inalainika, nawe utailaumu lenzi bure. Mimi nakaa kati ya f/4 na f/5.6 siku nzima.

Picha za mandhari ninazozipenda zaidi, hata hivyo, sizipigi kwa 24. Nazipiga kwa 200 hadi 400, asubuhi, milima ikiwa imepangana safu nyuma ya safu na ukungu umekaa mabondeni. Zumu inazikusanya safu hizo, kila moja hafifu kuliko iliyo mbele yake. Hapo ndipo hii kamera inapoishinda simu waziwazi. Fanya hivyo asubuhi tu. Ardhi ikishapata moto, hewa iliyo juu yake inachezacheza, na kwa milimita 600 mchana kweupe mti ulio kilomita moja mbele unatoka umeyeyuka. Hakuna lenzi inayotibu hilo, ya bei yoyote. Watu wengi wanarudisha kamera dukani kwa kosa la hewa.

Majengo ya kale ndiyo yaliyoponyoka. Nilidhani ndiyo yangekuwa rahisi, maana jengo halikimbii.

Tatizo ni jiometria. Ukitaka kuta zisimame wima pichani, kamera lazima iwe sawa, isiinamishwe wala kuinuliwa. Ukiielekeza juu, mnara unaegemea nyuma, kuta zinakutana angani. Lakini ukiishika sawa, nusu ya fremu inakwenda kwenye ardhi iliyo mbele yako. Chukua jengo la mita 30, kamera umeisimamisha wima kwenye milimita 24: ili uone kilele, lazima urudi nyuma karibu mita 38. Nani ana mita 38? Majengo ya kale yamezungukwa na vichochoro, kuta na majengo wenzake. Lenzi pana zaidi ya simu nyingi za leo ni sawa na milimita 13, na kwayo jengo lile lile linaingia ukiwa umbali wa mita 20 na kidogo. Kwa hiyo ndiyo, nasema kwa mdomo mpana: kwa kuupiga uso mzima wa mbele wa jengo, simu yangu inaishinda kamera hii. Unaweza kuipiga ikiwa imeinuliwa, halafu ukanyoosha kuta kwa programu, lakini programu inanyoosha kwa kuvuta sehemu ya juu na kukata pembeni, na minara ya kandoni ndiyo inayoliwa. Ukifuata njia hiyo, acha nafasi kubwa pande zote tangu mwanzo.

Ndani ya jengo mambo yanarudi sawa kidogo. Hiyo f/2.4 inasaidia, na kwa kuegemea nguzo na kuzuia pumzi napata 1/8 ya sekunde bila mtikisiko. Stendi usiihesabie. Mpiga picha Mwingereza Frederick Evans, aliyepiga ngazi za kanisa kuu la Wells, Uingereza, mwaka 1903, alifanya kazi kwa kamera ya sahani za kioo na stendi yake. Sisi sehemu nyingi tunaambiwa stendi ibaki mlangoni. Kwenye Taj Mahal, India, hata picha yenyewe hairuhusiwi ndani ya jumba la makaburi, kwa hiyo uliza kabla ya kutoa kamera kwenye mkoba. Dirisha linapong'aa huku ukuta ukiwa gizani, piga tatu kwa mfululizo, moja ya kawaida, moja yenye giza, moja yenye mwanga, uje uziunganishe nyumbani. Na hapa zima ile shata ya kimya niliyoisifu: chini ya taa za LED mara nyingi inaacha michirizi ya giza ukutani.

Ila kuna jambo moja la majengo ambalo kamera hii inalifanya na simu haiwezi hata kuota. Ni yale yaliyo juu. Mafundi wa zamani walichonga sanamu, majani na nyuso za ajabu ajabu kwenye vichwa vya nguzo na kwenye kingo za mapaa, sehemu ambazo aliye chini haoni kitu zaidi ya kivuli. Nilivuta mpaka 600 kwenye uso mmoja wa jiwe chini ya paa. Mchongaji alikuwa amemtia makunyanzi kwenye pembe za macho, na ubavuni mwa shavu mistari ya patasi bado ilikuwepo, yote ikielekea upande mmoja, kama mtu aliyechoka kulainisha akasema nani atapanda kuja kuangalia. Jua la pembeni ndilo linaloonyesha mistari hiyo. Likiwa utosini huioni. Siku hizi nikifika kwenye jengo la kale, jengo zima nalipiga kwa simu, kisha natumia saa nzima na kamera kuzunguka mapaa.

Vumbi na mvua sina neno. Kwa kuwa lenzi haitoki, kihisi hakipigwi upepo wa kila kituo, jambo linalowatesa wenye kubadilisha lenzi porini. Betri inaisha haraka kwa sababu ya mota na tundu la kuchungulia la kielektroniki. Beba ya akiba, na kwenye baridi iweke karibu na mwili. Faili ghafi, zile ambazo kamera haijazichakata, ziwashe, hasa kwa ndani ya majengo, maana JPEG, yaani picha iliyokwisha kuchakatwa, ya kamera hizi inasugua punje hadi jiwe linakuwa plastiki.

Ukinunua iliyotumika, fanya haya papo hapo. Vuta zumu mwanzo mwisho ukiwa umetega sikio. Mota isikwaruze wala kusita katikati. Piga anga tupu kwa f/11 uitazame picha kwa kuikuza: madoa meusi yasiyohama ni vumbi lililoingia ndani, na kwa kuwa lenzi haibanduki, hutalipuliza mwenyewe, itabidi fundi aifungue. Halafu simama mbele ya ukuta wa matofali, kamera ikiwa sambamba nao, upige kwa milimita 24 na tena kwa 600. Pembe zote nne zitoke kali kwa kiwango kimoja. Pembe moja ikitoka na ukungu kuliko wenzake, mara nyingi ni dalili kwamba kamera hiyo imewahi kuanguka, hata muuzaji akikuapia kwamba ilikuwa inalala kabatini.