My First Summer in the Sierra: kitabu cha mchungaji aliyekuwa upande wa majani

Watu wengi wakiskia jina la John Muir wanamuwaza yule mzee wa ndevu ndefu aliyepiga kambi Yosemite kule California na Rais Roosevelt wa Marekani mwaka 1903, mtu wa hifadhi, mtu wa Sierra Club, kile chama cha kulinda mazingira. Ndani ya kitabu hiki alichokiandika mwenyewe mtakutana na mwingine kabisa, kijana wa miaka 31, mfukoni hana kitu, daftari na kipande cha mkate kafunga kwenye mkanda, mwaka ni 1869 na kaajiriwa na mfugaji mmoja aitwaye Delaney asindikize kondoo zaidi ya elfu mbili kutoka kwenye joto la bonde la California kupanda mpaka malisho ya juu kwenye milima ya Sierra Nevada. Mchungaji mwenyewe alikuwepo, anaitwa Billy, Muir kazi yake ilikuwa kuhakikisha mambo yanaenda, kwa hiyo muda wa kuzurura alikuwa nao wa kutosha.

Na hapo ndipo kitabu kiliponishika, maana huyu mtu analipwa kulinda kundi ambalo kila likipita linamaliza kile anachokipenda. Anafika kwenye uwanda umejaa mayungiyungi, anapiga magoti anaangalia ua moja moja, kesho yake kondoo wameshapita na imebaki ardhi iliyokanyagwa tu. Anawaita nzige wenye kwato, na si kwa hasira za siku moja, jina hilo linarudi tena na tena mpaka unaona kabisa mtu anavyobadilika, yani mawazo ya kwamba milima hii inatakiwa ilindwe na sheria hayakuzaliwa ofisini, yalizaliwa nyuma ya kundi la kondoo. Yosemite ikaja kuwa hifadhi ya taifa mwaka 1890, na maandishi yake ya magazetini yalichangia sana.

Ana jicho la ajabu kwa vitu vidogo. Kuna sehemu anaelezea suruali ya Billy, ilivyolowa mafuta ya nyama na utomvu wa miti mpaka kila kitu kinanata humo, majani ya misonobari, manyoya, mbawa za vipepeo, chembe za mawe, kwa hiyo badala ya kuchakaa inazidi kuwa nene kila siku!! Ni ya kuchekesha lakini anaiangalia kwa umakini uleule anaoangalia nao mwamba. Akiwa juu ya mwamba wa North Dome anachora, bonde zima la Yosemite liko chini yake, yeye anaandika kurasa kuhusu nzi na panzi waliomtembelea pale juu, na hadi njia ya miruko ya panzi anaichora.

Sehemu ya Julai 15 ndo bora kuliko zote kwangu. Anataka kuona maji ya Yosemite Falls yanavyoanza kuruka, maporomoko yenye jumla ya mita 739, basi anavua viatu, anashuka kwenye mwamba laini pembeni ya mto, anaona kuna kijiukingo kidogo cha kuegesha visigino tu, anaogopa, anasema haendi, afu anajaza mdomo majani machungu ili kizunguzungu kisimpate na anaenda! Nilisoma huku mikono imelowa jasho. Siku chache baadaye anamkimbilia dubu huku akipiga kelele eti aone mwendo wake akikimbia, dubu hakimbii, anasimama anamkazia macho, na Muir anabaki hana la kufanya ila kumwangalia naye mpaka dubu mwenyewe alipoamua kuondoka.

Sasa mabaya yake, na ni makubwa. Anavyowaandika wenyeji wa milima ile inaumiza, anakutana na watu wa Mono njiani anachoona ni uchafu tu, anataka waondoke mbele yake. Halafu kurasa nyingine anakiri kwamba hawa watu wanatembea taratibu na madhara yao kwa nchi hayazidi sana yale ya ndege na kindi, ila hilo wazo halifikishi popote. Anasifia ziwa Tenaya na miamba yake iliyong'arishwa na barafu ya kale, na jina lile ni la chifu ambaye watu wake walifukuzwa bondeni na kikosi cha Wazungu mwaka 1851, miaka 18 tu kabla yeye hajafika. Huo upweke mtamu anaousifia ulitengenezwa kwa bunduki, na msomaji asipolijua hilo anapata nusu ya habari. Sierra Club wenyewe mwaka 2020 walikiri hadharani kuhusu maneno yake juu ya Weusi na wenyeji, na nadhani walifanya sahihi.

Jingine, kitabu kilitoka 1911, karibu na mwisho wa maisha yake, kwa hiyo ingawa kimepangwa kwa tarehe kama shajara, mkono wa mzee umepita juu ya maneno ya kijana. Mara nyingine anajua mengi mno kuhusu mito ya barafu kwa mtu aliyefika juzi. Pia sifa zinazidi, kila siku ni siku tukufu kuliko jana, ukisoma kurasa hamsini kwa mpigo utachoka. Soma siku tatu nne za shajara, weka chini, rudi kesho.

Nampa nyota nne kati ya tano. Anayetaka Muir wa hatari zaidi atafute The Mountains of California cha 1894, humo anapanda juu ya mti mrefu katikati ya dhoruba ili ausikie upepo vizuri. Haki miliki za vyote viwili zimeshaisha Marekani kwa hiyo vipo bure mtandaoni, ila huyu wa kondoo hakikisheni mnapata toleo lenye michoro yake mwenyewe, matoleo mengine ya bei rahisi wameiondoa na bila hiyo yule panzi wa North Dome hamtamwelewa.